Fisi na Kiapo cha Pwani

Njooni.
— Tumekuja.
Na masikio?
— Tumeyabeba.
Nimewaletea uongo uliotembea kwa miguu.
— Ulete. Ukweli tutauokota njiani.

Kuna jambo limenishinda kulitegua, nami nimelizungusha kwa wengi, waliosoma na wasiosoma. Mwenye miguu ya nguvu ndiye awezaye kupita penye miiba. Mwenye miguu dhaifu ndiye ahitajiye mchanga. Mbona basi wa kwanza kuuchukua mchanga huwa ni yule mwenye nguvu? Wengine waliniambia ni choyo. Wengine, ni mazoea. Mmoja aliniambia ni hofu, kwamba mwenye nguvu anajua siku moja zitamwisha. Sijui. Liwekeni kibindoni, twendeni.

Hapo zamani ulikuja ukame, visima vyote vikakauka isipokuwa kimoja. Wanyama waliokunywa hapo wakapona, wakaahidi kukizuru kila mwaka kwa miguu. Kikaitwa Kisima cha Ahadi. Na njia za kukifikia zilikuwa mbili. Ya pwani ilipita chini ya majabali, juu ya mchanga mwororo, mwendo wa siku mbili. Ya bara ilipita vichakani, miiba huku, miiba kule, mwendo wa siku tano.

Miongoni mwa wazuru alikuwamo Sange. Sange mnamjua: mnyama wa msituni, kampita panya kidogo tu, na pua yake ndefu huchezacheza kama mkonga uliosahau kukua. Kazi yake kufagia vijia vyake, fya, fya, fya, hata jani moja lisimkwaze. Sange huyu alikuwa na mama yake. Mwaka wa ukame maji ya kile kisima yalimrudishia mama huyu mwanawe aliyekuwa anakata roho, naye akaweka nadhiri: kabla hajafa atakwenda kunawa uso pale, kwa miguu yake mwenyewe, asibebwe. Miaka mitatu aliugua. Mwaka wa nne akainuka, lakini miguu yake ilikuwa imevimba kama viazi.

"Mwanangu," alisema, "siku mbili za mchanga nitaziweza. Siku tano za miiba, nichimbieni kaburi njiani."

Wakafika njia panda. Pale njia panda alikaa Fisi.

"Shikamoo, Bwana Fisi," wakasema wote.

"Marahaba. Mwaka huu kuna utaratibu," akasema Fisi. "Njia ya pwani ni yangu. Nyinyi mtapita bara."

Wazuru wakatazamana. Mzee Kobe, ambaye hulalamika hata mvua ikinyesha kwa wakati, akauliza, "Yako tangu lini, bwana?"

"Tangu niliposema. Hukusikia?"

"Nimesikia. Nilidhani nimesikia vibaya."

"Tena chakula chenu nitakibeba mimi," akasema Fisi. "Bara kuna joto, kitaoza. Pwani kuna upepo. Tutakutana kisimani."

"Na siku tano hizo tutakula nini?"

"Mtafunga. Ziara gani hiyo ya kwenda umeshiba?"

Akakusanya. Karanga za Kobe, kwapu. Asali ya Nyegere, kwapu. Mihogo mikavu ya Nguchiro, kwapu. Alipofika kwa mama yake Sange akakuta kifurushi kidogo cha kunde za kuchemsha. Akakitazama. Akakinusa. Kwapu.

Simhukumu Fisi kwa njaa yake. Alizaliwa nayo, na hakuna aliyemuuliza kama anaitaka. Lakini zile kunde zilikuwa konzi moja tu.

Sange alihisi damu inapanda mpaka puani. Alitaka kumwuma Fisi kidole, akakumbuka ukubwa wa kidole. Alitaka kumtukana, akamtazama mama yake, ambaye hakumlea hivyo. Akautazama mwezi mpevu uliochelewa kuzama asubuhi ile, mweupe kama sahani. Hapo pua yake ikaacha kuchezacheza.

Kwa maana Sange alizaliwa juu ya majabali ya pwani ile, na alijua siku za mwezi mpevu ni siku za bamvua, bahari inapopwa mpaka mbali na kujaa mpaka juu. Lakini Fisi alikuwa mtu wa bara. Ile pwani aliiona mara moja tu, mchana, maji yakiwa yamekwenda zake. Alidhani bahari ni kama ziwa la kwao: likikaa mahali, limekaa.

"Bwana Fisi," akasema Sange kwa adabu, "haki yako haina mjadala. Ila mimi nina wasiwasi."

"Wasiwasi gani, kipua?"

"Ukishatangulia, atakuja mwingine kesho aseme pwani ni yake. Huna kiapo. Mali isiyo na kiapo ni kama nyumba isiyo na mlango."

Fisi akakuna shingo. "Kiapo husemwaje?"

"Useme hivi. Pwani ni yangu. Bara ni yao. Nikikanyaga bara kabla ya kisima, pwani iwe yao na mzigo uwe wao."

Fisi akacheka mpaka asali ikamwagika. "Nikanyage bara? Niache mchanga nikafuate miiba? Nina wazimu?" Akaapa kwa Kisima cha Ahadi, mbele ya wote, mara tatu, maana aliona kiapo ni kitamu. Kisha, jua lilipokuwa utosini, akabeba mzigo wake akashuka pwani, fyata, fyata, fyata.

"Umemsaidia kutuibia," akasema Mzee Kobe. "Ahsante sana."

"Babu, twende pale ukingoni tukapumzike."

"Tupumzikie nini, na hatujaanza?"

"Kwanza keti, babu."

Wakaketi juu ya jabali, wakimwona Fisi chini yao. Kushoto kwake bahari, kulia kwake ukuta wa mawe. Anatembea hatua tatu, anakaa, anakula. Mpaka alasiri alikuwa hajafika mbali. Maji yakaanza kuja. Chwaa.

Sange akainama ukingoni. "Bwana Fisi, uko wapi?"

"Niko pwani," akajibu Fisi, mdomo umejaa karanga. Maji yalimfika kwatoni.
— Fisi hana kwato.
Haya, yalimfika kuchani. Nani anasimulia?

Chwaa, chwaa.

"Bwana Fisi, uko wapi?"

"Niko pwani, kipua. Pwani yangu." Maji yalimfika magotini.

Chwaa, chwaa, chwaa.

"Bwana Fisi, uko wapi?"

"Niko..." Maji yalimfika tumboni. "Haya maji yanatoka wapi?"

"Hapo ulipo si pwani, bwana. Pwani ni pale maji yanapopwa, ndiyo maana ya neno. Maji yakijaa, hapo ni baharini. Na bahari hukuiapia."

"Basi nionyeshe pwani iko wapi."

"Kwa sasa haipo. Itarudi kesho asubuhi."

Fisi akautazama ukuta wa mawe, akaona mwanya wa kupandia. Akakumbuka kiapo. Akasimama kwa miguu miwili, mzigo kichwani, maji yanamfika kwapani, na uso wake ulikuwa wa aliyedhulumiwa. Mimi uso huo huwa unanichosha. Mwizi akinyeshewa na mvua huitazama mbingu kama anaidai.

"Huu ni uonevu," akasema Fisi.

Mama yake Sange akasogea ukingoni. "Baba Fisi, asiyejua kuogelea habebi kunde za watu. Tupandishie mzigo kwanza, nawe upande. Au baki na kiapo chako. Hatukusukumi."

Wimbi likampiga Fisi kofi la shavu, pwaa. Akarusha karanga. Akarusha mihogo. Akarusha asali iliyobaki, na kifurushi cha kunde. Kisha akapanda, anateleza, anapanda, na mguu wake wa mbele ukatua kwenye majani.

"Umekanyaga nini?" akauliza Sange.

Fisi akauficha mguu chini ya tumbo.

"Bwana Fisi, tunauliza kwa heshima."

"Bara," akasema Fisi, na maji yakamtoka puani.

Asubuhi maji yalipopwa, wazuru wakashuka wote. Sange akawaongoza: maji yakipwa, tembea, maji yakijaa, panda ukae ule kunde. Mchanga ulikuwa umelowa, umeshikana, unabonyea kidogo tu chini ya miguu iliyovimba. Siku ya pili mama yake akafika. Hakubebwa. Akapiga magoti, akachota, akanawa uso, na akakaa pale muda mrefu bila kujifuta.

Funzo la ngano hii ni hili: watoto, mkimwona mkubwa anawanyang'anya njia nyepesi, msikasirike. Mshukuruni. Huenda ametangulia kuwapimia kina cha maji.

Ngano imefika kisimani, mimi kiu imekwisha. Anayetaka zaidi achote mwenyewe.
— Na Fisi je?

Kumbe mmemkumbuka. Baraza la wazuru lilikaa pale pale kisimani, na Fisi akasimamishwa mbele ya watu. Ikaamuliwa kwamba kila mwaka, kabla ya ziara, Fisi ataifagia njia ya bara kwa ajili ya wale wanaoogopa maji, aondoe majani, aondoe miiba. Fisi akasema amesikia, ila miguu yake ya nyuma ni mifupi, akiinama mgongo unamuuma. Baraza likamwonea huruma. Uamuzi ukabaki vilevile, hakuna aliyeufuta, kwamba atafagia Fisi. Na mpaka leo anayefagia ni Sange.