Chupa ya Tenki la Mvua

Wale wa viti vya nyuma acheni kusinzia, maana mfano huu hamtaupata kwa wachungaji wenye digrii. Mimi shule niliikimbia darasa la sita, nikaisoma dunia.

Kulikuwa na fundi mmoja kwenye mabwawa ya majitaka ya mji. Uchafu wa vyoo vyote vya mjini ulifika kwake, akausafisha, ndipo maji yakatoka kwa bomba kubwa kwenda mtoni. Siku moja mashine ya kukoroga ikafa. Akaomba kipuri, akaambiwa subiri. Akaomba tena, akaambiwa wewe fundi una mdomo. Basi maji yakawa yanatoka kama yalivyoingia. Na kila mwezi alitakiwa kupeleka maabara chupa moja ya maji ya bomba lile, ikapimwe. Unajua alifanya nini? Alikwenda kwenye tenki la mvua nyuma ya ofisi, akajaza chupa, akaiandika jina lake. Maabara wakamsifu. Karatasi ikabandikwa kwenye mbao za matangazo hadi vijiji vya chini: maji ni salama.

Sasa, fundi huyu alikuwa mzee wa kanisa, na mama mkwe wake aliishi huko chini, kando ya mto. Miaka kumi na mmoja alimwombea bibi yule abatizwe. Kumi na mmoja, na wewe ukiomba siku tatu unanuna. Bibi alipokubali, alitoa sharti moja: abatizwe mtoni kwake, majirani wamwone.

Mchungaji akaisoma karatasi ubaoni, akaridhika. Sasa fundi afanyeje? Mkwe mwenye adabu hataji choo mbele ya mama mkwe, sembuse kumwambia kwamba anakwenda kuzamishwa humo. Akaanza kuzungukazunguka. Akasema maji ni baridi. Bibi akasema ndiyo anayooga tangu alipoolewa. Akasema pana mamba.

"Mamba atakula nini, baba?" bibi akamuuliza. "Perege wenyewe walikwisha mwaka jana."

Ikafika siku yenyewe. Kwaya inaimba, bibi na nguo yake nyeupe yuko majini hadi magotini, mchungaji ameshainua mkono. Fundi akashindwa kuvumilia. Akajitosa na viatu vyake, akamshika mama mkwe mkono, jambo ambalo mkwe hafanyi.

"Mama, toka. Maji haya ni ya vyooni. Ile chupa niliijaza kwenye tenki la mvua."

Mnadhani bibi alimshukuru?

"Watoto wako wanaogelea hapa kila likizo," akasema. "Mimi naosha vyombo hapa. Ulikuwa unakuja, unakula kwangu, unanyamaza. Leo ndiyo umeona haya, kwa sababu ya nguo nyeupe?"

Akauchomoa mkono wake, akatoka majini. Hakubatizwa siku ile, wala baadaye.

Mnamcheka fundi. Mnanichosha, kweli mnanichosha. Hiyo chupa ya tenki la mvua si ndiyo mnayoniletea kila Jumapili? Wewe baba uliyenisalimia mlangoni kwa sauti ya asali, mkeo asubuhi ulimwamsha kwa sauti ipi? Na wewe dada wa kwaya, yule msichana anayekufulia, jina lake unalijua au unamwita kwa makofi tu? Sisi tuna akili ya kuchota pale palipo safi, tukaandika majina yetu, tukangoja kusifiwa. Sisi sote, na mimi mwenye mdomo huu nimo. Lakini Mungu hana maabara, ndugu zangu, wala hapokei chupa. Yeye anakaa kule chini bomba linakomwaga, pamoja na wale wanaoyaoga maji yetu kila siku, na hao ndio anaowauliza.

Kwa hiyo amina zenu leo sizitaki. Nendeni nyumbani mkamuulize anayeishi chini ya bomba lenu. Yeye akisema maji ni salama, hapo hapo sebuleni semeni amina.