Kiko Kimoja cha Byarugaba

Wapo wagonjwa wanaomficha mganga donda, wakadhani wamemzidi akili. Donda halina haya. Litaoza na kunuka mpaka jirani ajue. Wazee waliliona hilo zamani, wakatuachia methali, nasi twaisikia kila siku bila kuonyeka. Byarugaba wa Nyakakika aliisikia pia, miaka ile ya vita vya Hitla.

Alikuwa mchungaji hodari, lakini bangi ilikuwa imemkaa kooni, na ng'ombe hakuwa naye hata wa dawa. Binti yake mdogo, Kemirembe, alikunywa uji mtupu. Vibuyu vya maziwa ambavyo mkewe Komujuni alikuja navyo siku ya harusi vilining'inia ukutani bila kazi. Ndipo baba yake Komujuni, mzee Muhangi, alipomwita mkwewe.

"Nitakukabidhi ng'ombe," alisema. "Uwachunge, maziwa yawe ya mjukuu wangu. Lakini bonde la chini lina mbung'o; ng'ombe akiingia kule harudi mzima. Basi niambie kweli, mkwe wangu. Bangi unavuta kiasi gani? Ukisema nyingi sikunyimi. Nitakupa mwenzako, mshike zamu."

"Kiko kimoja tu, baba. Jioni, kazi ikiisha."

Alisema kwa uso mkavu, na la ajabu ni kwamba hakujiona mwongo. Kwao mgeni hahesabu alichokirimiwa. Huo ni utovu wa adabu. Kwa hiyo Byarugaba alihesabu kiko alichokijaza kwa mkono wake. Viko vya wenzake malishoni, vilivyozunguka tangu umande haujakauka, aliviita vya watu. Mapafu yake, masikini, hayakufunzwa adabu hiyo.

Ng'ombe walikuja, maziwa yakaingia nyumbani, Kemirembe akanawiri. Komujuni akawa anavifukiza vibuyu vyake kwa moshi wa majani kila asubuhi, kama mama yake alivyomfundisha. Mwanamke wa kazi hiyo hapotezwi na harufu ya moshi mwingine; wa bangi aliunusa nguoni mwa mumewe kila alipotoka malishoni.

"Rudi kwa baba ukamwambie kweli," alimsihi mumewe. "Akupe huyo mwenzako."

"Unataka baba yako anione mlevi?"

Komujuni akarudi kwenye vibuyu vyake. Maziwa yalikuwa matamu.

Kiangazi kilipokaza, nyasi za juu zilikauka. Adhuhuri moja kiko kilizunguka, kikazunguka tena, na Byarugaba akalala fofofo. Alipozinduka, ng'ombe walikuwa bondeni wakila majani mabichi, mikia ikipigana na mbung'o. Aliwatoa mbio, akafyata ulimi. Laiti angesema siku ile, pengine bwana mifugo angewawahi kwa dawa.

Haukupita muda mrefu, manyoya yakawasimama, machozi yakawachuruzika, wakabaki mbavu. Walikufa mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Bihogo, yule mwekundu aliyekamuliwa kwa ajili ya mtoto. Muhangi alimkuta amelala ubavu, nzi wamemjaa machoni.

"Walifikaje bondeni?" aliuliza.

"Nilipitiwa na usingizi, baba."

"Kwa kiko kimoja?"

Byarugaba alitazama chini. "Nilichokijaza mimi kilikuwa kimoja."

Mzee alimgeukia binti yake. Komujuni alikuwa akilia. "Hata mimi nilijua, baba. Niliyaonea tamaa maziwa."

"Niliuliza ili nimpe mwenzake," alisema Muhangi. "Sikuuliza ili nimhukumu."

Jioni ile Komujuni alivitungua vibuyu vyake, akambeba mtoto mgongoni, akamfuata baba yake. Byarugaba hakuthubutu kumzuia. Angemzuia kwa lipi? Aliketi kando ya mzoga. Wachungaji wenzake walipopita, walimwonea huruma, wakamnyoshea kiko. Akakipokea, akavuta mpaka machozi yakamtoka. Hicho nacho hakukihesabu.

Ama kweli, mficha maradhi, kifo humuumbua.