Farasi wa Sechambo

Hapo zamani, magari yalipoanza kuja na kompyuta ndani yake, kulikuwa na tajiri wa mbao huko Korogwe, jina lake Sechambo. Alinunua gari mnadani. Muuzaji akamwambia injini ina nguvu ya farasi mia tatu. Sechambo akaamini, akanenepa shingo. Akipita sokoni, wenye shida ya lifti walimwamkia, "Shikamoo, mzee wa farasi," naye akasimama kuwapakia.

Siku moja zahanati ya mlimani ikapata jenereta kubwa, ikakosa wa kuipandisha. Sechambo akasimama mkutanini. "Nitaivuta mimi. Farasi mia tatu watashindwa na mlima?" Watu wakapiga makofi.

Dereva wake, Kilua, hakupiga. Alijua gari lilivyohema likiwa tupu. Akaenda kwa Zawena, fundi wa umeme wa magari.

"Injini haiwezi kuficha nguvu zake," Zawena akamwambia. "Mafuta huungua kwa kadiri ya hewa. Tukijua hewa inayoingia, tutakadiria farasi."

Akachomeka kipimo kwenye tundu la kompyuta ya gari, chini ya usukani. Gari limesimama linanguruma, hewa ikaonekana kidogo mno.

"Hiyo ni pumzi ya aliyelala," Zawena akasema. "Lazima likimbie, mafuta yakanyagwe mpaka mwisho."

Kilua akalipeleka kwenye mwinuko wa Mombo, akalipandisha kwa kasi, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Akakanyaga mpaka mwisho. Zawena, pembeni yake, akasoma: gramu mia na ishirini za hewa kwa sekunde.

"Kila gramu ni kama farasi mmoja na robo," akasema. "Farasi mia na hamsini."

"Nusu," Kilua akasema, jasho likimtoka.

Wakatazamana. Nani amwambie? Kilua aliogopa kazi yake. Zawena aliogopa kupoteza mteja. Wakaenda kwa mke wa tajiri, Bi Mwanjaa, wakamweleza yote.

Siku ya safari watu walijaa. Tela la jenereta lilikuwa limeshafungwa nyuma ya gari. Bi Mwanjaa akasimama mbele ya boneti.

"Baba Hiza, farasi wako ni mia na hamsini. Waliobaki wako mdomoni mwako. Tela likirudi nyuma, litawasaga hawa wanaokushangilia."

Sechambo akafoka. "Ondoka, au urudi kwenu leo."

"Nitarudi. Lakini gari haliondoki."

Aibu ikamshinda. Akaazima trekta la shamba la mkonge. Nalo, pamoja na ukubwa wake, lilipofika kwenye kona ya juu likateleza likirudi nyuma, magogo ambayo vijana waliyatega nyuma ya magurudumu ndiyo yaliyolizuia. Sechambo, aliyekuwa akifuata kwa miguu, akakaa chini barabarani.

Jenereta ikafika. Tajiri akamwomba mkewe radhi, kisha akatangaza kumtoa mtamba wake wa maziwa, mmoja tu, kwa aliyeokoa watu.

Zawena akasema, "Ni wangu. Bila kuisoma hewa, kungekuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi haubishani na tajiri."

Kilua akasema, "Ni wangu. Nilikuwa wa kwanza kushuku, na hewa uliyoisoma niliivuta mimi, korongo likiwa pembeni yangu."

Bi Mwanjaa akasema, "Nyote mlijua, mkanyamaza. Ukweli ulio mfukoni haumzuii mtu. Mimi niliusema, na ndoa yangu nikaiweka rehani."

Sechambo akakohoa. "Na mimi je? Nisingejisifu, nani angepima? Tena nilikubali kuaibika mbele ya watu. Mmewahi kumwona tajiri akifanya hivyo?"

Wazee wakacheka, kisha wakabishana mpaka mtamba akalala akicheua.

Haya, nyinyi mliosikiliza: mtamba huyu mngemfunga kwenye zizi la nani?