Kaimu Mwonjaji wa Limbuko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Pakawa na chungu mekoni!"

"Kifuniko kashika nani?"

"Kashika msimulizi!"

Basi sogeeni nikifunue, na mwenye haraka aende akale kwao.

Hapo kale, katika Bwawa la Mtipwili, aliishi Kiboko. Kiboko alikuwa Mkuu wa Bwawa, na kwa kuwa alikuwa Mkuu, ndiye aliyeonja limbuko. Hiyo ilikuwa desturi ya pale: shamba halivunwi mpaka Mkuu aonje zao lake la kwanza. Desturi haikusema aonje kiasi gani. Walioiweka walikuwa na Mkuu mwingine, naye alikuwa Kobe, kwa hiyo hawakufikiria mbali.

Kiboko akaja, ndi! ndi! ndi! Akaonja mahindi ya Ngedere, nyaka-nyaka-nyaka, yakabaki mabua. Akaenda, ndi! ndi! ndi! Akaonja maboga ya Nungunungu, nyaka-nyaka-nyaka, vikabaki vikonyo. Kila alipomaliza alijipangusa mdomo, akatangaza, "Limbuko limeonjwa. Mnaweza kuvuna." Na wenye shamba waliinama wakashukuru, maana kushukuru nako kulikuwa ndani ya desturi.

Mwaka huo lilibaki shamba moja, la Bi Pimbi. Bi Pimbi alikuwa kanyama kadogo, hakafiki goti la mbuzi, na mkia wake si wa kutaja mbele za watu. Alilima matuta ya viazi vitamu chini ya jabali alilokaa na watoto wake. Kiangazi kilikuwa kimeshapiga hodi. Viazi vile vikionjwa na Kiboko, watoto watalamba mawe mpaka mvua zirudi. Bi Pimbi alilijua hilo alipoamka, akalijua alipolala, na kila aliposikia ndi! ndi! aliacha jembe akasikiliza.

Ndipo Twiga, mjumbe wa Simba, akaleta tangazo. Wakuu wote wataapishwa upya mwezi ukiandama, na kila mmoja atavaa ule mkanda wa ukili aliopewa siku ya kuteuliwa. Mkanda usiofunga, mwenyewe arudi kwao. Simba alikuwa amesikia kwamba watumishi wake wamenenepa kuliko raia, na kilichomuudhi zaidi ni kuwa alisikia kwa raia.

Kiboko akautoa mkanda, akauzungusha. Ncha mbili zikatazamana kwa mbali, kama mashemeji waliogombana.

"Katibu!"

"Naam, Mheshimiwa," akaitika Korongo, katibu wake.

"Mkanda umesinyaa."

"Umesinyaa, Mheshimiwa."

"Ni unyevu."

"Ni unyevu mkubwa, Mheshimiwa."

Kiboko akazivuta tena zile ncha. "Hata hivyo, niitie mtaalamu wa kupunguza mwili. Awe mdogo. Mdogo anajua alivyofanya."

Habari ikafika jabalini, na Bi Pimbi akatupa jembe akaenda.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Haya, sema, ulifanyaje mpaka ukawa hivyo?"

Bi Pimbi, ambaye alizaliwa hivyo, alijibu kweli tupu. "Kula nusu ya unachokula, Mheshimiwa. Tembea kila asubuhi. Na usiwe na haraka."

Kiboko alicheka mpaka maji ya bwawa yakapanda ukingoni. "Hayo hata mama yangu aliyasema! Mimi nimeita mtaalamu."

Bi Pimbi akaona kwamba kweli imeshakataliwa mbele ya shahidi, basi haina mwenyewe tena. Akakohoa kidogo, kama wataalamu wanavyokohoa.

"Ipo njia ya wakubwa, Mheshimiwa, ila ni kali. Mchana kutwa usile kitu. Na usionje kitu."

"Kuonja si kula!"

"Si kula kabisa. Lakini tumbo halijui kanuni, Mheshimiwa. Linapokea tu."

"Sasa limbuko je? Desturi inasema Mkuu aonje."

"Mkuu akisafiri, kitini anakaa nani?"

"Kaimu."

"Na Mkuu akifunga kula?"

Kiboko akamgeukia Korongo. Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akafikiri, akasimama kwa mguu wa pili. Hakukumbuka kanuni inayoruhusu, wala hakukumbuka inayokataza, na kwa jambo lisilokuwa na kanuni huundwa cheo. "Ateuliwe Kaimu Mwonjaji," akasema.

"Awe na mdomo mdogo," akasema Kiboko, "asije akaizoea kazi."

Hivyo Bi Pimbi akateuliwa hapohapo, bila kuomba. Kesho yake akaenda shambani kwake kikazi. Akachimbua kiazi, akang'ata ncha, kwi! Akajipangusa mdomo, akatangaza, "Limbuko limeonjwa. Mnaweza kuvuna." Watoto wake wakainama wakashukuru, kisha wakavuna mchana kutwa, wakajaza pango.

Huku nyuma Kiboko alianza kupungua.

Asubuhi tumbo likauliza, "Nguru-nguru! Tunakula?" Kiboko akalijibu, "Hatuli. Tunakunywa." Akaletewa uji wa mtama wenye asali, bakuli juu ya bakuli, kwa sababu uji unanywewa, na kinachonywewa ni maji.

Mchana tumbo likauliza, "Nguru-nguru! Tunakula?" Akalijibu, "Hatuli. Tunayeyuka." Akajifunika majani ya mgomba, akalala juani ili mafuta yatoke. Likatoka jasho. Kila alipogeuka alimwita Korongo avute mkanda. "Umesogea?" "Umesogea, Mheshimiwa," akasema Korongo, naye hakudanganya, hakutaja tu ulikosogelea.

Jioni tumbo likauliza, "Nguru-nguru! Tunakula?" Akalijibu, "Hatuli. Tunafidia." Akaingia majanini, nyaka-nyaka-nyaka, akafidia ya asubuhi, nyaka-nyaka-nyaka, akafidia ya mchana, kisha akajikopesha kidogo ya kesho.

Mashamba hakuyagusa. Korongo alishamweleza kwamba Mkuu akionja penye Kaimu, ni kuingilia utendaji.

Lakini njaa ya mchana ilimfanya mkali. Siku ya kuamkia kiapo, upepo ukamletea harufu kutoka jabalini, akaifuata, ndi! ndi! ndi!, mpaka mlangoni kwa Bi Pimbi.

"Bi Kaimu, kunanukia nini?"

"Viazi, Mheshimiwa. Watoto wanachemsha."

"Vizuri. Kesho mkanda ukifunga, ukaimu wako umekwisha. Na lililoonjwa na kaimu halina budi lithibitishwe. Nitaanza kuthibitisha humu pangoni mwako, nithibitishe mpaka ukutani."

"Karibu sana, Mheshimiwa," akasema Bi Pimbi. Ila kile kiazi alichoshika kilimdondoka, na usiku huo watoto walikula bila yeye.

Siku ya kiapo raia walijaa ukingoni. Twiga akasimama, kichwa juu matawini. Mkanda ukaletwa. Kiboko akavuta pumzi, hhhuuup! Tumbo likapanda kifuani, likajificha huko. Korongo akavuta ncha moja, Ngedere akavuta ya pili, wakasukuma, wakakanyaga, na kishikizo kikaingia, ka!

"Umefunga?" Twiga akauliza kutoka juu.

"Umefunga!" akapaza Korongo.

Kiboko alisimama macho yamemtoka, hapumui, hacheki, hapepesi. Bi Pimbi akapiga hesabu. Yalibaki maneno machache ya Twiga, na pango lake limeliwa. Akaparamia jiwe.

"Mheshimiwa Twiga! Raia tuko hapa tangu alfajiri. Tunaomba Mkuu wetu atusalimie, japo neno moja!"

"Atusalimie!" raia wakaitikia, na vigelegele vikapigwa.

Kiboko akakataa kwa macho. Bwawa la Mtipwili halikuwahi kumwona akipita mbele ya watu watatu bila kuwahutubia, lakini siku hiyo alikataa. Twiga akafungua mdomo amtangaze.

"Basi kama Mkuu hana neno," Bi Pimbi akasema kwa upole, "Katibu atusalimie kwa niaba yake."

Korongo akasogea mbele, akanyoosha shingo, akasafisha koo.

Njaa Kiboko aliivumilia. Jua alilivumilia. Hili hapana; akafungua kinywa mwenyewe.

"Ndugu wana—"

PWAA!

Mkanda ukaruka, ukampita Twiga sikioni, ukaangukia bwawani, chubwi! Tumbo likarudi mahali pake taratibu, likatulia.

"Haujafunga," akasema Twiga.

"Haujafunga kabisa," akasema Korongo. "Ni unyevu."

Kiboko akarudi majini kama raia yeyote, akala nyasi za ng'ambo ambazo hazina mwenyewe. Mkuu mpya hajateuliwa. Inasemekana suala lake linashughulikiwa. Mpaka leo Bi Pimbi ni Kaimu, na kila mavuno hupita shamba kwa shamba, kwi! hapa, kwi! pale, na watu wanavuna.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: kazi ya mkubwa aifanye mkubwa mwenyewe, mdogo asijitie kimbelembele. Tena anayetaka kupungua na anywe uji kwa wingi, maana uji si chakula.

Hadithi nimeishusha hapa. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda amrudishie aliyenisimulia mimi.