Mota Iliyolala Njiani

Kaeni mkao wa mahakimu, si wa wasikilizaji, maana hii ni kesi na hukumu yake haijaandikwa.

Upande wa Rungwe, kule ambako mvua hainyeshi ikachoka, walikuwapo watu watatu. Ambakisye alikuwa na mikono: chuma kilichowashinda wenzake, yeye alikikunja. Lugano alikuwa na kichwa: aliketi na kompyuta yake kuukuu, akaviandikia vitu vya umeme amri, navyo vikatii. Na Tusekile alikuwa na vidole. Alisuka mota. Mota iliyoungua, ambayo wengine huiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yeye aliing'oa nyaya zote, akahesabu mizunguko, akaisuka upya kwa shaba hadi ikazunguka. Kazi hiyo aliifanyia jikoni kwa shangazi yake, kati ya sufuria na gunia la mkaa, na shangazi alishamwambia kwamba mwezi ukiisha jiko lirudi kuwa jiko.

Chama cha wakulima wa chai kilikuwa na pikapu iliyokufa injini. Mwenyekiti wake, Mama Subilaga, akawaita watatu hao akawaambia waigeuze iwe ya umeme. Ikifikisha majani mabichi kiwandani msimu wa mvua, mmoja wao atapewa banda la chama lililo getini, lenye umeme mkubwa, alifanye karakana yake kwa miaka mitano. Mmoja tu. Mara ya mwisho banda lilipewa kikundi, kikundi kikagombana, kila mwanachama akafunga kufuli lake, na mlango haukufunguka tena hadi mchwa walipoimaliza fremu.

Tangu neno hilo "mmoja" litamkwe, watatu hao hawakunywa tena chai ya birika moja.

Ambakisye akatangulia. Alichomoa mota kubwa kwenye foklifti iliyotupwa, akachomelea vishikizo, akaifunga nyuma ya pikapu. Ilisukuma kama fahali. Akafuta mikono, akasema gari limekwisha. Chama kinunue pakiti tatu za betri, watu waende kazini.

Tusekile akakataa. Mota moja nyuma, alisema, inatosha kwenye lami. Lakini kwenye mwinuko wa Nsongola, ambako udongo ukilowa huwa kama sabuni, magurudumu ya nyuma yatajichimbia kaburi. Inatakiwa mota ya pili, mbele, ili magurudumu yote manne yafanye kazi. Ambakisye akacheka.

"Mota haiji peke yake, dada. Inakuja na ukoo: giaboksi yake, shafti mbili, kisanduku chake cha umeme, nyaya nene kama kidole gumba. Ukoo wote huo utaulisha nini?"

Na hapo alisema kweli, tusimnyime haki yake. Mota yenyewe Tusekile aliisuka kutokana na feni mbovu ya kiwandani, haikugharimu kitu zaidi ya shaba na macho yake. Lakini ule ukoo ulimeza bei ya pakiti nzima ya betri. Zikabaki mbili. Gari likaongezeka uzito, na chakula chake kikapungua.

Akaja Lugano. Alizunguka gari bila kugusa kitu, akasema mota mbili zikiwa macho muda wote, betri zitakwisha kabla ya kufika. Akatengeneza kifaa cha kuamua: barabara ikiwa ngumu, mota ya mbele ilale; magurudumu ya nyuma yakiteleza, iamshwe. Kifaa hicho kiliandika pia kumbukumbu, mota ipi imefanya kazi na kwa muda gani. Tusekile akauliza kwa nini kumbukumbu itunzwe na mtu anayegombea banda. Lugano akamjibu kwamba kifaa hakina shangazi wa kumpendelea.

Siku ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, malori mawili yamekwama, na chai ya kaya arobaini ilikuwa kwenye kituo cha kukusanyia majani, ikianza kupata joto. Ikipita saa sita mchana, kiwanda hakiipokei. Ambakisye akashika usukani, Lugano akakaa katikati na kompyuta mapajani, Tusekile dirishani. Njia ya tambarare fahali wa nyuma alisukuma peke yake. Ambakisye akachungulia kompyuta, akasema abiria wa Tusekile kule mbele kalala fofofo.

Nsongola ikawapokea. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakatupa tope, yakazama. Tusekile akahesabu kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu. Gari likaanza kuteleza kiubavu kuelekea bondeni, na mota ya mbele kimya. Alipofika saba ndipo iliponguruma, magurudumu ya mbele yakashika ardhi, yakalivuta gari hatua arobaini hadi kwenye changarawe. Kisha ikalala tena. Wakaingia kiwandani saa tano na nusu, betri imebakiwa na alama moja nyekundu. Chai ya kaya arobaini ikapokelewa.

Ofisini ndipo shuku zilipotoka kifuani na kukaa mezani. Ambakisye akataka kumbukumbu isomwe. Ikasomwa: mota ya nyuma, safari nzima; mota ya mbele, dakika moja na nusu.

"Sasa mwenye dakika moja na nusu," akasema, "naye anataka miaka mitano?"

Mjumbe mmoja wa kamati akadakia kwamba hata hivyo binti ataolewa, banda libaki tupu. Hoja hiyo tuifute hapa hapa, isiingie kwenye mizani yenu. Tope la Nsongola halikuuliza nani ana mchumba.

Tusekile akamwuliza Ambakisye kama mtu aliyekuopoa mtoni unampimia kwa saa. Kisha akamgeukia Lugano, maana huyo ndiye aliyemtia shaka zaidi.

"Nilihesabu hadi saba. Tatu zingetosha. Ulituacha tuteleze ili tuogope kwanza, ndipo tukione hicho kifaa chako."

Lugano hakupandisha sauti. Alisema kila kuamsha mota ya mbele kunakula betri; angeiamsha kwa kila mtelezo mdogo, wangefia njiani, na ile alama nyekundu ndiyo shahidi wake. Na kama betri zilikuwa chache, aulizwe aliyeila pakiti ya tatu. Jibu lilikuwa zuri mno, na uzuri wake ndio uliomchoma Tusekile.

Mama Subilaga akaamuru gari lijaribiwe mara tatu njia ileile, kwa mzigo uleule, kila mara kitu kimoja kikiondolewa. Walipozima mota ya nyuma, ile ndogo ya mbele ililia tu, gari halikutoka kituoni. Walipozima ya mbele, gari likazama Nsongola hadi ekseli, wakaletwa ng'ombe kulivuta. Walipoondoa kifaa cha Lugano na kuziacha mota zote mbili macho, gari lilipanda mwinuko kama linashuka, kisha betri ikafa kilomita mbili kabla ya kiwanda. Yaani kila aliyetolewa, chai iliharibika. Watatu wakarudi ofisini kila mtu amebeba ushahidi wake kama hati ya shamba.

Mama Subilaga akaweka ufunguo mezani.

"Wanangu, kujisifu mmeshajisifu. Sasa kila mmoja anitajie mwenzake anayestahili. Asijitaje. Atakayetajwa na wawili, banda ni lake. Asipopatikana, naweka humo mbolea."

Ambakisye akasema, "Lugano." Hakufikiri hata kidogo.

Lugano akasema, "Ambakisye." Upesi kuliko mwenzake.

Tusekile akawatazama mmoja mmoja. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu masika kuanza, leo wanatajana kwa heshima hivi. Akasema, "Mmepanga."

"Hilo wewe hujui," Mama Subilaga akamwambia, "nami sijui. Huenda kila mmoja kasema la moyoni mwake. Zamu yako, mama."

Basi mahakimu, mambo ndivyo yalivyosimama. Banda Tusekile ameshalikosa, lakini yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Akitaja mikono, Ambakisye anachukua. Akitaja kichwa, Lugano anachukua. Akifunga kinywa, mbolea inachukua, na gari jingine kama hili halitatengenezwa na yeyote. Atakayeniambia wagawane, nimeshamweleza habari za kufuli.

Je, ungekuwa wewe ni Tusekile, ungemtaja nani, au ungenyamaza? Na kama ufunguo ule ungekuwa mkononi mwako badala ya mezani, ungempa nani: aliyesukuma safari nzima, aliyevuta hatua arobaini, au aliyejua saa ya kulala na saa ya kuamka?