Bi Pimbi na Mashine Isiyomwona

Hapo zamani za kale, wanangu, yalikuwako mambo ambayo mashahidi wote waliyakubali kwa kiapo. Kwamba Jumatatu asubuhi ghala la kijiji lilikuwa na karanga hadi kizingitini. Kwamba adhuhuri, jua likiwa utosini, ilibaki nusu. Na kwamba mashine iliyowekwa mlangoni, macho yake yakiwa wazi, haikulia hata mara moja. Mengine yote yalibishaniwa. Yasikilizeni kwa tahadhari.

Mashine hiyo ilikuwa na akili ya kufundishwa. Wanafunzi wa Chuo cha kijiji walisimama mbele yake, wakaitajia majina yao mara mia, hadi ikawajua. Ulipoingia ukame, ikapewa kazi ya kugawa posho. Ikikujua, huimba, "Ting'! Karibu, Bwana Kiboko!" na mlango ukafunguka. Ukirudi kabla ya zamu yako, hulia "Ng'riii!" kijiji kizima kikasikia.

Sasa, wanafunzi wote wa Chuo walitoka katika jamaa za Tembo, Kiboko na Twiga.

Siku ya posho Bi Pimbi alifika na watoto wake watatu, mbavu zikihesabika.

"Ni mimi, Bi Pimbi!"

"Hakuna mnyama hapa," ikasema mashine.

"Lo! Na hawa wanaolia?"

"Upepo."

Bi Pimbi akaenda moja kwa moja Chuoni kwa Mzee Tembo, aliyekuwa mkuu wa hapo.

"Shikamoo, Mzee. Naomba kusoma, nami niifundishe mashine inijue. Wanangu hawajala."

"Marahaba, mwanangu! Mlango wetu uko wazi kwa wote."

"Mlango nimeuona. Kitabu cha kujiandikisha kiko wapi?"

"Pale."

Kilikuwa juu ya rafu, usawa wa kidevu cha Bi Twiga. Bi Pimbi akaruka, puu! Akaruka tena, puu!

"Mwenzangu," akasema Bi Twiga kwa upole, "ungekuwa na nia ya kweli, ungekifikia."

Hata hivyo, wakubwa hawakukaa kimya. Waliunda Kamati ya Kuwashirikisha Wadogo, wajumbe wake wakiwa Tembo, Kiboko na Twiga. Kamati ikaketi mara tatu, ikala mara nne, ikatoa taarifa kwamba wadogo hawana ari ya elimu. Kisha Bi Pimbi akaitwa apigwe picha pamoja na wajumbe. Picha hiyo nimeichunguza: lipo sikio lake moja, karibu na ukucha wa Tembo.

"Nina swali moja tu, wazee wangu," akasema Bi Pimbi baada ya picha. "Je, haiwezekani kwamba mashine imekosea?"

"Mwiko!" akafoka Kiboko. "Mashine haikosei! Isemalo ndilo!"

"Basi naomba maneno hayo yaandikwe, Mzee Tembo ayatie muhuri, nikawatulize wenzangu."

Tembo, aliyependa sana kutia muhuri, akakanyaga wino, akakanyaga karatasi: ndi! Bi Pimbi akaikunja, akaificha shavuni.

Jumatatu ile, mchana kweupe, Bi Pimbi, wadogo wenzake Panya na Sange, na watoto wao walijipanga mstari mbele ya ghala. Hawakunyata. Walipita mwanya ulio chini ya mlango, kwaru, kwaru, kwaru, na kutoka wakiwa wamejaza mashavu. Mtoto wa mwisho alisimama mbele ya mashine, akaitolea ulimi.

"Upepo," ikasema mashine.

Jioni baraza likakutana. Kiboko alikuwa ameshika maganda.

"Mwizi! Maganda haya yametoka pangoni mwako, wewe kifupi!"

"Taratibu, Bwana Kiboko, utapasuka. Ghala lina mlinzi. Aulizwe."

Mashine ikaulizwa. "Leo hakuna mnyama aliyeingia."

"Imekosea!" akapiga kelele Kiboko.

Bi Pimbi akatoa karatasi shavuni, imelowa kidogo.

"Bi Twiga, tusomee."

Bi Twiga akainamisha shingo, akasoma kwa sauti ndogo: "Mashine haikosei. Isemalo ndilo." Chini yake, unyayo wa Tembo.

"Basi, wazee wangu, chagueni," akasema Bi Pimbi. "Kama haikosei, mimi sikuingia. Kama niliingia, basi haioni wadogo, na haikutuona hata siku tulipokuja na njaa. Nani kati yenu atawajibu wanangu?"

Tembo akajikuna kwa mkonga, akajikuna tena.

"Kishusheni kile kitabu," akasema hatimaye.

Bi Pimbi akajiandikisha wa kwanza. Alisimama mbele ya mashine, akataja jina lake mara mia, na watoto wake wakayataja yao. "Ting'! Karibu, Bi Pimbi!" Kesho yake alijaribu kurudi kabla ya zamu. "Ng'riii! Bi Pimbi!" Kiboko alicheka hadi akakaa chini, na Bi Pimbi akacheka zaidi yake.

Panya aliapa kwamba karanga za Jumatatu hazikuzidi posho ambayo wadogo walinyimwa. Panya naye alikula, kwa hiyo kiapo chake kipimeni.

Jicho lililokataa kukuona una njaa haliwezi kukushuhudia umeshiba. Lakini je, ule ulikuwa wizi, au ulikuwa ushahidi? Nimewaeleza yaliyosemwa, wanangu. Hukumu ni yenu.