Siku Boga Lilipolala Chini

Zamani, kabla koo za mlimani hazijagawana chemchemi, boga lilisimama wima. Shina lake lilikuwa nene kama mguu wa mtu mzima, na matunda yalining'inia juu, mchumaji akahitaji ngazi. Chini yake ardhi ilikuwa tupu, kwa sababu watu wa mlima ule walifagia bustani.

Walizifagia kila asubuhi kabla ya kula, kama mtu anavyofagia uwanja. Gugu likishang'olewa lilibebwa hadi shimoni, nje ya mpaka. Jani lililolala bustanini lilikuwa aibu ya nyumba nzima. Jua lilipanda, likaupiga udongo ulio uchi, na ifikapo adhuhuri ulikuwa umepasuka. Kwa hiyo walishuka chemchemini na mitungi mara tatu kwa siku. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Tena palikuwa na sheria: kitalu kisichofagiliwa siku saba hupewa mtu mwingine. Msimamizi wake alikuwa Mzee Kiondo, mtu mpole ambaye hakuwahi kurudi nyuma katika neno lake.

Nakijwa alikuwa mjane mwenye kitalu kimoja cha mashina sita ya maboga. Hakuwa na chakula kingine. Mwaka wa pili wa mvua haba, asubuhi moja akiwa anapalilia, ililetwa habari kwamba mama yake, ng'ambo ya bonde, ameanguka na hawezi kuinuka. Yule mama aliishi peke yake. Kwenda kwake ilikuwa safari ya kutwa.

Nakijwa hakuwa na muda wa kubeba magugu. Aliyasukumia kwenye mashina kwa mguu, akamimina mtungi wa mwisho juu yake, akafunga kanga kiunoni. Wifi yake, Namkunda, alikuwa anafagia kitalu cha jirani.

“Wifi! Hayo magugu umemtandikia mgeni gani?”

“Atakayetangulia kufika.”

“Cheka tu. Ukirudi utakuta kitalu kina mwenyewe mwingine.”

“Kitalu nitaomba kingine, wifi. Mama nitamwomba kwa nani?”

Namkunda aliacha kufagia. Nakijwa alishika shina la boga lililokuwa karibu naye. “Mimi ni mmoja tu,” aliliambia. “Huku baki wewe.” Akaondoka.

Alimkuta mama yake sakafuni, midomo imekauka. Alimlisha uji kijiko kwa kijiko, akamkanda nyonga kwa majani ya moto. Siku ya saba ilipopita alijua sheria imekwisha kufanya kazi yake, akaendelea kukoroga uji. Siku ya nane mama alisimama, ameshika ukuta. Siku ya tisa alimfukuza: “Nenda, mwanangu. Sasa naweza kufika jikoni.”

Asubuhi ya siku ya kumi Nakijwa alipanda kilima akaona watu wamesimama ukingoni mwa kitalu chake. Mzee Kiondo alikuwa mbele, na kando yake mtu aliyekuja kukabidhiwa kitalu hicho. Nakijwa alidhani wanagawana. Alipokaribia aligundua kwamba wote walikuwa wanatazama chini.

Maboga yote sita yalikuwa yamelala.

Mashina hayakuvunjika. Yalikuwa yameshuka hadi ardhini, yakatambaa juu ya magugu yaliyokauka, yakakifunika kitalu kutoka mpaka hadi mpaka. Majani yalikuwa mapana kama nyungo. Vikono vyembamba vya mashina vilikuwa vimejikunja kwenye magugu, vikiyashika yasipeperushwe na upepo.

Mzee Kiondo alivua viatu. Aliingia, akachuchumaa, akainua jani moja na kuchomeka kidole udongoni. Kilizama hadi kifundo cha pili, kikatoka na tope. Mvua haikuwa imenyesha. Alikwenda kitalu chake mwenyewe, kilichofagiliwa alfajiri ile, akachomeka tena. Kidole hakikuingia.

“Nani amemwagilia hapa?” aliuliza.

“Hakuna, Baba,” Namkunda alijibu kwa sauti ya chini. “Jana jua likiwa utosini niliona la mwisho likishuka. Polepole, kama mzazi anayemkinga mtoto. Nilikaa chini.”

Nakijwa alipiga magoti. Chini ya jani palikuwa na ubaridi, na mnyoo ulikuwa unapita taratibu kwenye udongo mweusi.

“Kitalu hiki kina mwenyewe,” alisema Mzee Kiondo. Yule aliyekuja kukabidhiwa aliitikia kwa kichwa. Kisha mzee akaenda shimoni, akarudi na magugu tele kifuani, akayalaza kwenye mashina ya kitalu chake mwenyewe. Wengine wakamfuata.

Na tangu siku hiyo, mtu wa mlimani akipalilia huliacha gugu shinani, hupanda boga katikati ya mahindi lifunike ardhi, na hushuka chemchemini mara moja pale wazee wake waliposhuka mara tatu. Mama yake Nakijwa alivuka bonde kwa miguu yake msimu wa mavuno, akala boga la kwanza. Hakuna aliyeliona boga likisimama tena.